Nguo ya ukumbini, nguo ya kituoni

Wateja wangu wengi hujipima nguo mara mbili. Kwanza wanasimama mbele ya kioo na kuitazama kama itakavyoonekana ukumbini, ofisini au kanisani. Kisha wanageuka, wanatembea hadi mlangoni, wananyanyua mguu kama wanapanda daladala, na swali linakuja: "Fundi, hapa nyuma haipandi?" Nashona za kike na za kiume, cherehani zangu ziko Sinza, Dar es Salaam, na sijawahi kumwona mwanamume akijaribu suruali huku akiwaza kituo cha basi.

Kuna mwalimu wa shule ya msingi aliyeniletea satini ya kijani kwa ajili ya sendofu ya mdogo wake. Mshono alikuwa ameuona kwenye simu: gauni refu la kubana, lenye mpasuo mbele unaoanzia juu kidogo ya goti. Mwili wake unaubeba mshono ule vizuri, na mwenyewe alijua. Shida ilikuwa safari. Anaishi Mbagala, ukumbi uko Mwenge, na hela ya teksi ya kwenda na kurudi ilikuwa imeishia kwenye mchango wa sherehe. "Mpasuo nautaka, dada," akaniambia, "ila nataka na kufika."

Tukakaa chini tukafikiri. Nikamshonea mstari wa vifungo vya kubonyeza kwa ndani, kuanzia gotini hadi chini, nikavificha nyuma ya ukanda mwembamba wa satini ileile ili visionekane hata ukikaribia. Njiani gauni linafungwa, akifika ukumbini anaingia chooni na kuvifungua kimoja kimoja. Tulipojaribu mara ya kwanza ikawa hawezi kupandisha mguu, maana ngazi ya daladala iko juu na satini haivutiki. Ikabidi viwili vya chini nivitoe. Akatembea tena hadi mlangoni, akainua mguu, akatabasamu. Ule mstari wa vifungo ulinila muda kuliko gauni zima, na yeye ndiye aliyeulipia.

Haya maombi nayapata kila wiki. Mikono ya kuvaa na kuvua juu ya gauni la mabega wazi. Kikoti ambacho hakina kazi nyingine isipokuwa barabara. Bitana ya pili kwenye kitambaa chepesi, hata kama joto la Januari linachoma. Pindo la nyuma lishuke zaidi ya la mbele. Kila kimoja ni fedha na ni jasho, na hakuna mahali popote ambapo gharama hiyo inaandikwa. Mshahara wa mwalimu yule ni sawa na wa mwalimu mwenzake wa kiume, lakini mwenzake halipii vifungo vya kufikia ukumbini.

Mimi mwenyewe napenda rangi. Napenda manjano inayowaka, napenda bega moja likiwa wazi, na nguo niliyoivaa ndiyo bango la duka langu, kwa hiyo ni lazima ionekane. Lakini nikienda Kariakoo kununua vitambaa najifunga kanga kiunoni hadi karibu na kifundo cha mguu, na ya pili naitupia mabegani. Nauli naishika mkononi tangu nyumbani nisije nikafungua mkoba ndani ya gari. Nakaa siti ya nyuma ya dereva. Wapiga debe wanapiga kelele zao, machinga wanavuta mikono ya wapita njia, na mimi napita katikati yao kama mama yeyote anayetoka kununua dagaa. Nikifika kwa mteja navua kanga, nazikunja, natia mkobani, na rangi inatoka.

Kanga yangu moja imeandikwa "Sisi sote abiria dereva ni Mungu". Wengi mnaijua. Kanga ilitengenezwa ili iseme. Mwanamke wa pwani amemjibu mke mwenza, amemnyamazisha jirani na amembembeleza mume kwa jina la kanga bila kufungua mdomo, na akiulizwa anaweza kusema ameinunua kwa sababu ya pindo lake tu. Hata ninapojificha, basi, sijanyamaza kabisa. Na nikifikiria kitambaa hiki kilikotoka napata nguvu. Watumwa wanawake Unguja walivaa merikani na kaniki, vitambaa visivyo na urembo wowote. Utumwa ulipofutwa kisheria huko mwaka 1897, wanawake waliokuwa wametoka kwenye hali hiyo walizikimbilia kanga za rangi na maua, kwa sababu kuvaa ndiko kulikokuwa tangazo la kwanza kwamba sasa wao ni watu huru. Kitambaa ninachojifichia mimi leo, wao walikivaa ili waonekane.

Naomba nieleweke hapa. Kujisitiri kwa hiari nakujua na nakupenda. Msibani nakwenda na kanga mbili, moja kiunoni, moja kichwani, na hakuna anayenilazimisha. Nataka wafiwa waone nimekuja kulia nao. Ukweni navaa dera. Jirani yangu hatoki bila baibui lake, na ukimwambia amefungwa atakushangaa sana, maana analivaa kwa ajili ya Mola wake na si kwa ajili ya mtu wa barabarani. Hiyo ni heshima, nami naitetea kwa nguvu zote.

Kanga ya kituoni ina sababu nyingine. Pale hakuna ninayemheshimu, kuna watu nisiowajua ambao naogopa mikono yao na midomo yao. Ukitutazama kwa mbali, yule wa msibani na yule wa kituoni, tumefunga kanga ileile kwa fundo lilelile, na ndiyo maana ni rahisi kwa watu kusema sote tuna maadili. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Hofu yetu inasifiwa kuwa ni tabia njema, na ikishasifiwa hakuna tena anayeuliza imetoka wapi.

Imetoka mbali. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua zingekuwa marufuku, kwa hoja kwamba ni utamaduni wa kigeni. Tarehe yenyewe haikusubiriwa. Makundi ya vijana yalianza mapema kuwavuta wasichana kutoka kwenye mabasi maeneo ya Kariakoo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa karani wa kupiga taipu mjini wakati huo, msichana tu. Wigi lake alilibeba kwenye kikapu, chini ya mchicha, akalivaa akiwa ameshaingia ofisini, na jioni likarudi chini ya kikapu. Anasema wasichana wa ofisi mbalimbali walipashana habari kuhusu mitaa ya kupita na mitaa ya kukwepa. Nilimuuliza kwa nini asingeliacha wigi nyumbani yakaisha. Akanitazama kwa muda, akasema, "Lilikuwa langu, mjukuu wangu. Nililinunua kwa mshahara wangu."

Miaka hiyohiyo kulikuwa na kampeni nyingine ya serikali, ya kuwataka Wamasai waache ngozi na lubega na wavae suruali na mashati. Ziweke kampeni hizo mbili pamoja utaona jambo. Msichana wa mjini aliambiwa amevaa kizungu mno, Mmasai akaambiwa amevaa kiasili mno. Wote wawili waliagizwa wavae katikati, na katikati hiyo alikuwa akiipima mtu mwingine. Leo lubega limejaa Dar es Salaam, linavaliwa na walinzi na wauza dawa za asili, wageni wanalinunua kuwa kumbukumbu ya safari, na hakuna anayeliona kuwa tatizo. Kipimo kinahama. Nikiwa fundi nalisema hili kwa uhakika: hakuna urefu wa pindo ninaoweza kukata leo nikamhakikishia mteja kwamba umetosha, kwa sababu anayepima hayuko dukani kwangu na kesho anaweza kuja na rula nyingine.

Kenya waliyaona haya kwa macho makavu. Mwaka 2014 wanaume walimvua nguo abiria mwanamke ndani ya basi la Githurai, na Novemba mwaka huohuo kundi jingine likamvua mwanamke kwenye kituo cha matatu katikati ya Nairobi, likidai amevaa vibaya. Video zikasambaa. Tarehe 17 Novemba wanawake waliandamana kutoka Uhuru Park kwa kaulimbiu iliyosema nguo yangu ni hiari yangu, baadhi wakiwa wamevaa sketi fupi kwa makusudi, baadhi wamevaa baibui, na wanaume kadhaa wakiwa pamoja nao. Kabla mwaka haujaisha sheria ya Kenya ilikuwa imefanya kumvua mtu nguo kuwa kosa linalojitegemea, lenye kifungo kinachoweza kufika miaka 20. Kesi ya Githurai iliendelea, na mwaka 2017 mahakama ya Nairobi iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa wizi wa mabavu, maana yule dada walimwibia pia. Sifurahii mtu yeyote kuhukumiwa kifo. Ninachokishikilia ni jinsi kifungu kile kilivyoandikwa: hakina kipimo cha sketi ndani yake. Kosa ni la mkono unaovua.

Uganda mambo yalikwenda kinyume. Februari 2014 Rais Museveni alitia saini Sheria dhidi ya Ponografia. Maandishi yake ya mwisho hayakutaja sketi fupi, lakini watu walishaibatiza kuwa sheria ya vimini, na mitaani wanaume wakaanza kuwavua wanawake kana kwamba wametumwa na serikali. Mahakama ya Katiba ilikuja kubatilisha vifungu vyake muhimu Agosti 2021. Miaka saba na zaidi ilikuwa imepita.

Na sisi hatujakaa mbali. Juni 2021, bungeni Dodoma, Spika wa wakati huo, Job Ndugai, alimtaka mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, atoke ukumbini akavae vizuri, baada ya mbunge mwenzake wa kiume kulalamika kuhusu suruali yake. Niliitazama ile picha kwa jicho la fundi. Blauzi ya njano, suruali nyeusi. Ni nguo ambayo ningemshonea karani yeyote wa benki na asingeulizwa swali. Wabunge wenzake wanawake walimtetea, na niliwashukuru kimoyomoyo. Lakini kijana wa kijiweni aliyeona habari ile alijifunza nini? Alijifunza kwamba kukagua makalio ya mwanamke mbele za watu, kisha kumtoa mahali alipo, ni kazi ya mtu mwenye heshima zake.

Wanaume nao wana sehemu yao katika hili, ingawa kwao ni nyepesi. Mdogo wangu ana rasta, na akitoka usiku anazikusanya zote ndani ya kofia, kwa sababu akisimamishwa barabarani rasta ndizo zinazoulizwa kwanza. Huko Kenya, Septemba 2019, Mahakama Kuu ilimpa haki mwanafunzi wa Kirasta ambaye shule ilikuwa imemkataa kwa sababu ya nywele zake, na mdogo wangu alinitumia habari ile usiku wa manane kama vile kesi ilikuwa yake. Na sote, wake kwa waume, tunaficha simu kwa sababu ya vishandu. Tofauti ni kwamba aliyeporwa simu akifika nyumbani anapewa pole. Aliyeshikwa maungo anaulizwa alikuwa amevaa nini.

Jibu la swali hilo ninalo, maana nguo nimezishona mimi. Nina wateja walioshikwa wakiwa kwenye madera, hayo mapana yasiyoonyesha hata kiuno. Mmoja alikuwa na sare ya kazi, koti la bluu na suruali ya bluu, ametoka zamu ya usiku. Kwa hiyo wanaosema ukijisitiri hutaguswa siwaamini, na naomba waache kuwaambia mabinti maneno hayo, kwa sababu binti atakayeguswa akiwa amejisitiri atatafuta kosa ndani yake mwenyewe.

Siwaafiki pia wale wanaotucheka kwa upande mwingine. Mtandaoni kuna vijana wa kike wanaotuambia tuvue hizo kanga, tuache woga, kila anayejifunika anawapa nguvu wanyanyasaji. Nawapenda kwa ujasiri wao, na bila watu wa aina yao Nairobi isingeandamana. Lakini mwanamke anayeshuka Mbagala Rangi Tatu saa nne usiku, peke yake, hana maandamano nyuma yake. Ana hatua zake na giza lililoko mbele. Kujua lini uonekane na lini upite bila kuonekana ni ujuzi waliotupa bibi zetu, na umeokoa watu. Sitakubali uitwe usaliti.

Mpwa wangu ameanza chuo mwaka huu. Amekata nywele zake fupi kabisa na kuzipaka rangi ya dhahabu, na anapenda suruali pana za kitenge ninazomshonea kutokana na vipande vinavyobaki. Mama yake alinipigia simu nizungumze naye. Nadhani alitarajia nimwambie arudishe nywele nyeusi. Nilimwambia mambo ya njiani: asiingie gari tupu usiku hata kama konda anaapa litajaa, aangalie walioko kituoni kabla hajashuka, viatu vya kutembelea viwe mkobani, kanga iwe mkobani, na akifika atume ujumbe hata wa neno moja. Kisha nikamwambia achague kitu kimoja ambacho hatakifunika, popote aendapo.

Hilo nimelijifunza kwa kuwatazama wateja. Wanawake ninaowajua ambao wamedumu na barabara hizi bila kufifia, kila mmoja ana kitu chake kimoja. Mwalimu wa satini ya kijani hapaki rangi nyingine ya mdomo zaidi ya nyekundu iliyokoza, hata akienda sokoni. Mama muuza supu wa karibu na duka langu ana kucha ndefu za buluu, na supu yake inaisha kabla ya saa nne asubuhi. Mimi nina hereni. Nazitengeneza mwenyewe kwa makapi ya vitenge, nazigandisha kwenye kadi ngumu, nazizungushia uzi, kubwa hadi zinagusa bega. Nikiwa nimejifunga kanga zote mbili, nimejikunja siti ya nyuma ya dereva, nimekuwa mtu asiye na jina kati ya abiria wengine, hereni zinaning'inia pale pale. Mpwa wangu alichagua nywele. Sikubishana naye.

Lakini ujuzi wa mwanamke peke yake hautoshi, na kuna watu ndani ya gari wenye nguvu kuliko wanavyojijua. Jioni moja nilikuwa kwenye gari la Gongo la Mboto. Vijana wa siti ya nyuma walianza kumsema msichana aliyesimama karibu na mlango, kuhusu sketi yake, halafu kuhusu mwili wake, na mmoja akanyoosha mkono. Gari zima likawa linaangalia nje. Konda, kijana mdogo mwenye sare iliyopauka mabegani, alipiga bodi kwa kiganja mara mbili, gari likasimama katikati ya barabara. "Oya, huyu ni abiria wangu, kalipa nauli kama wewe. Mkono rudisha au shuka." Nyuma magari yakapiga honi. Hakupiga tena bodi mpaka yule kijana alipokaa vizuri. Kuanzia pale hadi mwisho wa safari nyuma hakukusikika neno.

Konda yule hakuwa na sheria mkononi, ingawa sheria ipo. Tangu 1998, sheria ya makosa ya kujamiiana, ile tunayoiita SOSPA, inahesabu unyanyasaji wa kijinsia kuwa kosa, hata ukiwa wa maneno, na vituo vya polisi vina madawati ya jinsia na watoto ya kupokea malalamiko ya namna hiyo. Wachache wanafika huko, kwa sababu ushahidi unashuka kituo kinachofuata na kwenda nyumbani kupika. Makonda wanapofundishwa kuhusu nauli, sare na tiketi, wafundishwe na hili, tena na mtu kama yule kijana.

Nanyi abiria. Ukisikia, usimsubiri dada mwenyewe ajibu, yeye ana hesabu nyingine anazopiga kichwani. Mwite konda kwa sauti ya kusikika na gari zima. Konda akigoma, mwite dereva. Mama mtu mzima akisema, "Jamani, huyu ni mwanangu," hata kama hawajawahi kuonana, nimeona inafanya kazi. Andika namba ya gari. Kama umeketi dirishani na yeye amesimama, mpishe akae hapo, wewe ukae upande wa njia.